Kemikali Haina Hatia

Yako maneno ambayo hushitakiwa na kuhukumiwa bila ya kupewa nafasi ya kujitetea, na neno kemikali ni mojawapo. Lilipokuwa ndani ya chumba cha sayansi lilikuwa neno la heshima. Lilipotoka nje likawa tusi. Mchuuzi wa sabuni huisifu bidhaa yake kwa kusema kwamba haina kemikali. Mwuza asali husema vivyo hivyo, na mwuza mafuta ya nywele, na mwuza mizizi aketiye kando ya njia. Mnunuzi huyasikia maneno hayo, akaitikia kwa kichwa, akafungua mkoba. Hatokei hata mmoja wa kuuliza: Je, kitu kisicho na kemikali ni kitu cha namna gani?

Nakuuliza wewe swali hilo, msomaji kijana, kwa sababu wewe wasoma kemia, na wengi wa hao wauzao na wanunuao hawakupata bahati hiyo. Jibu langu nalitoa mapema ili tusipotezeane wakati: kitu hicho hakipo, wala hakijapata kuwako. Mtu akikuuzia kitu kisicho na kemikali amekuuzia chupa tupu. Na hata chupa yenyewe ni kemikali, na hewa iliyomo ndani yake ni kemikali.

Huenda ukasema kuwa haya ni mabishano ya maneno tu, na kwamba mchuuzi huyo hamdhuru mtu. Sikubaliani nawe. Nakusudia kukuonyesha kwamba woga huu usiochagua hutuletea hasara mbili. Kwanza, hutufanya tukimbie vitu vitufaavyo. Pili, nayo ni mbaya zaidi, hutufanya tulale usingizi mbele ya vitu viuavyo. Anayeogopa kila kitu sawasawa hajui kujilinda na chochote.

Tuanze na misingi. Maji ni atomu mbili za hidrojeni zilizoshikamana na atomu moja ya oksijeni. Utamu wa asali ni kaboni, hidrojeni na oksijeni zilizopangwa kwa namna nyingine. Elementi zijulikanazo leo ni 118, na kutokana na hizo hujengwa bahari, milima, muhogo, ng'ombe na mkono wako ulioshika kitabu hiki, kama maneno yote ya lugha yetu yajengwavyo kwa herufi chache. Kila atomu ina kiini kidogo sana katikati, na ndani ya kiini zimo protoni na nyutroni. Kukizunguka kiini ziko elektroni, zilizokaa katika mizingo, mmoja nje ya mwingine. Idadi ya protoni ndiyo inayoipa elementi jina lake na nafasi yake. Yenye protoni 6 ni kaboni, po pote ionekanapo. Yenye 11 ni sodiamu. Yenye 17 ni klorini. Yenye 82 ni risasi. Kaboni ya shambani na kaboni ya kiwandani ni kaboni moja. Atomu haikumbuki ilikotoka, wala haina kabila la kijiji au la mji.

Basi, kama vitu vyote vimejengwa kwa elementi hizo, kwa nini kimoja hulisha na kingine huua? Jibu limo katika vifungo, yaani katika jinsi atomu zinavyoshikana. Utazame ushahidi ulio mezani pako kila siku. Sodiamu ni madini laini, hukatwa kwa kisu kama sabuni, na huhifadhiwa ndani ya mafuta. Ukitupa kipande chake majini hukimbia juu ya maji kikichemka, na huweza kuwaka moto na kupasuka. Klorini ni gesi ya rangi ya kijani na manjano, nayo huunguza mapafu. Tarehe 22 Aprili, 1915, jeshi la Ujerumani liliifungulia gesi hiyo katika uwanja wa vita karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, na askari wengi wakafa kwa kukosa pumzi. Sasa waunganishe wakali hawa wawili. Je, unapata ukali maradufu? Hapana. Unapata chumvi ya kula, ile ile ivunwayo kwa jua kutoka maji ya bahari huko Gongoni, kaskazini mwa Malindi, na ambayo bila yake mchuzi hauna ladha na mwili hauwezi kuishi.

Siri ya mageuzi hayo si uchawi, ni hesabu. Sodiamu ina elektroni 11: mbili katika mzingo wa ndani, nane katika wa pili, na moja pekee katika wa nje. Klorini ina elektroni 17: mbili, nane na saba. Sodiamu huipoteza kwa urahisi ile moja yake ya mwisho. Klorini huwania moja ili mzingo wake wa nje utimie nane. Sodiamu ikitoa, na klorini ikipokea, zote mbili hutulia. Iliyotoa huwa ioni yenye chaji chanya, na iliyopokea huwa ioni yenye chaji hasi. Na kwa kuwa chanya na hasi huvutana, hukaa pamoja kwa safu zilizopangika kama matofali ya ukuta. Ukuta huo una nguvu hata chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka ipate joto la nyuzi 801 za Selsiasi. Sodiamu ililipuka kwa sababu ilikuwa na cha kutoa. Klorini iliunguza kwa sababu ilikuwa na njaa ya kupokea. Haja zikiisha, vita vimekwisha.

Ipo namna nyingine ya kifungo, ambayo ndani yake hapana atoaye wala apokeaye, bali atomu hushirikiana. Ndivyo oksijeni na hidrojeni zilivyo katika maji: kila hidrojeni huchangia elektroni moja, oksijeni nayo huchangia moja, na jozi hiyo huwa mali ya wote wawili. Sukari nayo imefungwa kwa ushirika huo. Kwa sababu hiyo sukari ikiyeyushwa majini haipitishi umeme, hali chumvi ikiyeyushwa huupitisha, kwa kuwa ioni zake huachana na kutembea. Macho huona punje mbili nyeupe zifananazo. Kemia huona nyumba mbili zilizojengwa kwa sheria mbalimbali.

Umekwisha kuona, basi, kwamba kuitaja elementi peke yake hakutoshi. Anayeogopa chumvi kwa kuwa ina klorini ni sawa na anayeogopa kisu kilichomo alani. Tena, klorini hiyo hiyo ikitiwa kwa kiasi kidogo katika maji ya kunywa huua vijidudu vya kipindupindu. Mama akataaye kutia dawa ya klorini katika mtungi wake kwa kuwa hataki kemikali, akaona heri maji ya mto yasiyotiwa kitu, hakuepuka hatari; ameichagua.

Lakini je, itakupasa kujifunza tabia za elementi 118 moja moja, kama mtu akaririye majina ya watu wa mji mzima? La. Mwaka 1869 Mrusi mmoja, Dmitri Mendeleev, alizipanga elementi zilizojulikana wakati wake, akaona kuwa tabia hurudi kwa zamu. Alipokuta pengo katika mpango wake hakulificha. Alisema kuwa hapo pana elementi isiyopatikana bado, akaeleza hata uzito wake. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaigundua mojawapo, akaiita galiamu, akaipima, akasema kuwa msongamano wake ni 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuishika elementi hiyo mkononi, akamwandikia kuwa apime tena, kwani yapasa iwe karibu na 5.9. Ikapimwa tena, ikawa 5.9. Hebu tafakari jambo hilo! Aliyekuwa na kitu mkononi alikosea, na aliyekuwa na mpango akilini alipata. Hiyo ndiyo tofauti ya kukariri na kuelewa.

Leo twajua sababu ya mpango ule. Ukitembea katika jedwali kutoka kushoto kwenda kulia, kila hatua huongeza protoni moja katika kiini; kiini huvuta kwa nguvu zaidi, na atomu hupungua ukubwa. Kwa hiyo walio kushoto, kama sodiamu, hupoteza elektroni, na walio kulia, kama klorini, huzinyakua. Ukishuka kutoka juu kwenda chini, kila hatua huongeza mzingo mpya. Elektroni ya nje hukaa mbali na kiini, kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu, naye hutoroka upesi. Kwa hiyo katika safu ya kwanza lithiamu ni mpole kiasi, sodiamu ni mkali, potasiamu mkali zaidi, na seziamu hulipuka mara igusapo maji. Katika safu ya klorini mambo hugeuka: wa juu kabisa, florini, ndiye mnyakuzi kupita wote, na nguvu hiyo hupungua kupitia klorini na bromini hadi iodini. Ukizijua sababu hizo mbili, nusu ya jedwali umekwisha kuisoma.

Sasa nawageukia wale wasemao, "Sisi hatukatai sayansi, tunapenda tu vitu vya asili, kwa kuwa cha asili hakidhuru." Nawaalika waende Bonde la Ufa. Huko, pande za Nakuru na kwingineko, miamba ya volkeno ina floridi, yaani ioni ya florini, nayo huyeyuka katika maji ya chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya bonde hilo hupita kikomo hicho. Hakuna kiwanda kilichoyatia floridi maji hayo, wala hakuna mfanyabiashara wa kulaumiwa. Ni maji ya asili yatokayo katika ardhi ya asili. Hata hivyo meno ya watoto wayanywayo hutoka na madoa ya kahawia, na kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi mifupa hukakamaa na viungo huuma. Kumbe floridi hiyo hiyo, ikiwa kidogo, huyasaidia meno yasioze. Kilichobadilika hapa si asili, ni kiasi.

Na ni nani awaokoaye watu hao? Si mwenye kuikimbia kemikali, bali mwenye kuifahamu. Mfupa hujengwa kwa kalsiamu, fosfati na hidroksidi. Floridi na hidroksidi zote zina chaji hasi moja, na ukubwa wao hukaribiana; kwa hiyo floridi huweza kuingia mfupani na kukaa mahali pa hidroksidi. Wataalamu wakaona: ikiwa mfupa huipenda floridi hivyo, na tuipe mfupa usio wetu. Wakachoma mifupa ya ng'ombe hata ikawa makaa, wakayapitisha maji katikati yake, na floridi ikanaswa humo. Mlango ule ule uliotumiwa na adui kuingia ndimo alimotegewa mtego. Kifaa hicho kimetumika hapa hapa Kenya, nacho hakikuzaliwa na woga. Kilizaliwa na ujuzi wa vifungo.

Iodini nayo yatoa ushahidi wake. Tezi iliyo shingoni huihitaji kwa kiasi kidogo mno. Ikiikosa huvimba, na ndiyo rovu. Hasara kubwa zaidi ni ya mtoto aliye tumboni, ambaye akili yake huweza kudumaa kabla ya kuiona nuru. Bahari ina iodini, lakini udongo wa nyanda za juu, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, mara nyingi hauna ya kutosha. Kwa sababu hiyo sheria ya nchi yetu huagiza kuwa chumvi itiwe iodini, nayo hutiwa kwa umbo la potasiamu iodeti. Mwoga akilisoma jina hilo refu juu ya pakiti hushtuka, akairudisha chumvi rafuni, akatafuta ile ya asili isiyotiwa kitu. Ameridhika moyo wake. Lakini kama mkewe ni mjamzito, ni nani atakayeilipa gharama ya ridhaa hiyo?

Nimefika penye hoja iliyo nzito kuliko zote za wapinzani wangu, nami sitaikwepa. Watasema, "Kemikali za viwanda zimeua watu, na wewe unazitetea." Ni kweli kwamba zimeua. Katika mtaa wa Owino Uhuru huko Mombasa kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, na moshi na maji yake machafu yakawafikia watu katika nyumba zao. Watoto wakaonekana na risasi katika damu yao. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo mwaka 2024. Msiba huo hauwezi kufutwa kwa fedha.

Lakini nawauliza: katika msiba huo neno kemikali liliwafaa nini wakazi? Halikuwaambia lo lote. Lililowafaa lilikuwa jina kamili la adui. Adui huyo alikuwa risasi, ambayo mara nyingi hupoteza elektroni mbili kama kalsiamu ipotezavyo mbili. Mwili huidhani kalsiamu, ukaifungulia lango. Huingia katika ubongo wa mtoto ikauharibu, na hujificha mifupani kwa miaka mingi. Ajuaye hivyo hujua pia kuwa mtoto aliyepungukiwa na kalsiamu na chuma katika chakula hufyonza risasi zaidi. Hujua kuwa damu ipimwe, udongo upimwe, na mikono ioshwe kabla ya kula. Aliye na neno kemikali tu ana kilio. Aliye na jina la risasi ana hoja ya kupeleka mahakamani.

Tazama na zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Migori huichanganya na mchanga wenye dhahabu ili vishikamane, kisha huuchoma mchanganyiko huo, na mvuke wake huingia mapafuni mwao. Zebaki ikifungamana na kaboni huwa na hila nyingine: hukusanyika katika samaki na kuushambulia ubongo, kama ilivyotokea Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Tena zebaki imepatikana katika baadhi ya mafuta ya kujichubua ngozi. Sasa niambie: binti atafutaye mafuta yasiyo na kemikali atajikingaje na zebaki? Mwenye duka atamwapia kuwa hayana kemikali, naye ataamini, kwa kuwa hakufundishwa kuuliza swali lililo bora. Mlaghai haogopi mtu aogopaye kemikali. Huyo ndiye mteja wake mwema. Humwogopa mtu aulizaye kuna nini ndani.

Lawama nyingine naielekeza kwetu sisi tuliosoma. Wako wanafunzi wanaoimba majina ya elementi 20 za kwanza bila ya kukosea, wakachora duara na nukta za elektroni, wakapata alama nzuri katika mtihani. Na jioni ile ile wakanunua sabuni kwa sababu haina kemikali. Elimu yao ni kama sanduku lililofungwa na ufunguo wake ukatupwa kisimani. Jedwali halikutungwa liwe wimbo wa mtihani. Lilitungwa ili mtu ambaye hajapata kuiona seziamu ajue kuwa haifai kuitia majini, na ambaye hajui habari za risasi aulize, Hii inafanana na nani mwilini mwangu? Ukikariri pasipo kuuliza hivyo, umebeba mzigo wa dhahabu na kufa njaa.

Kwa hiyo, msomaji, nakukabidhi maswali matatu, nayo ni mepesi kubeba. Mtu akikuletea kitu na kukisifu kuwa hakina kemikali, au akikitukana kuwa kimejaa kemikali, usimjibu kwa hasira wala kwa dharau. Mwulize kwanza: Ni elementi gani zilizomo? Kisha mwulize: Zimefungamana vipi? Mwisho mwulize: Ni kiasi gani? Akiyajibu yote matatu, msikilize, hata kama ni mchuuzi wa kando ya njia. Akishindwa kuyajibu, usinunue bidhaa yake wala woga wake, hata kama amevaa koti jeupe.

Atomu haina nia njema wala mbaya. Haipendi, haichukii, haidanganyi. Hatia ni ya mwenye kujua akaficha, na ya mwenye nafasi ya kujua akapuuza. Yule wa kwanza tumwachie hakimu. Yule wa pili, angalia asije akawa wewe.